Kisasa cha Lini? Maoni Baada ya Kuzuru Makumbusho ya Hayama

Maoni haya yalianzia ndani ya basi. Basi hilo hutoka stesheni ya reli ya Zushi, katika mkoa wa Kanagawa kusini ya Tokyo, na huchukua muda wa dakika 20 hivi kupita njia nyembamba ya pwani hadi mji mdogo wa Hayama, kando ya Ghuba ya Sagami. Majina ya vituo hutangazwa kwa sauti iliyorekodiwa, na kituo nilichokuwa nakiendea kina jina refu ambalo ndani yake mna jina la jumba la makumbusho lenyewe. Kijapani changu ni cha kuombea maji na kuulizia njia. Hata hivyo maneno mawili niliyatambua: “kindai bijutsukan”. Mwenyeji wangu, mwalimu aliyejifunza Kiswahili huko Osaka, aliniuliza sisi tungelitafsiri vipi jina hilo. Nilijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe: makumbusho ya sanaa ya kisasa.

“Na gendai bijutsukan, Mwalimu?”

Swali hilo halikuwa la kubuni. Hiroshima wana makumbusho yenye jina hilo tangu mwaka 1989, na Tokyo tangu mwaka 1995. Nikajibu kwamba hayo nayo ni makumbusho ya sanaa ya kisasa. Mwenyeji wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu kwamba basi Waswahili wana bahati, kwa kuwa “sasa” yao haipiti.

Msomaji anaweza kuuona huo kuwa mzaha wa safarini, nami niliuchukulia hivyo mpaka tuliposhuka. Baada ya kukaa ndani ya jumba lile karibu kutwa nzima niliona kwamba alikuwa amegusa jambo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumelipita kwa zaidi ya miaka 50. Madhumuni yangu ni kulieleza jambo hilo kupitia yale niliyoyaona Hayama, na kulitetea pendekezo moja dogo mbele ya wasomaji wa jarida hili.

Kwanza maneno yenyewe. Kindai huandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ina maana ya “karibu”, na ya pili “zama”. Gendai hutumia herufi hiyo hiyo ya pili, lakini ya kwanza ni ya kitu kilichopo, kinachoonekana. Wanahistoria wa Japani kwa kawaida hulitumia neno kindai kwa kipindi kinachoanza na utawala wa Meiji mwaka 1868 na kukoma na mwisho wa vita mwaka 1945. Kinachofuata ni gendai. Mpaka huo haukuchorwa kwa rula. Makumbusho yenye jina la kindai huonyesha pia kazi za wasanii walio hai, na mchoraji aliyeanza kazi mwaka 1935 hakuvunja brashi zake mwaka 1945. Lakini mpaka upo, unaweza kubishaniwa, na anayebisha ana mahali pa kuanzia.

Jina lile la kituo lina neno jingine, bijutsu, ambalo lina historia itakayomvutia yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya istilahi. Neno hilo halikuwapo kabla ya mwaka 1872. Lilibuniwa wakati maofisa wa serikali ya Meiji walipokuwa wakitafsiri kanuni za Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Vienna mwaka 1873, ambamo walikutana na dhana isiyokuwa na jina katika lugha yao. Waliunganisha herufi ya uzuri na herufi ya ustadi, kisha wakaongeza maelezo mafupi kwamba huko Magharibi muziki, uchoraji, utengenezaji wa sanamu, ushairi na kadhalika huitwa hivyo. Yaani neno lilipozaliwa lilikuwa pana kama “sanaa” yetu ilivyo hadi leo, ambayo humkusanya mshairi, mchongaji na mpiga zumari chini ya paa moja. Baadaye lilifinywa, likabaki na mambo ya kutazamwa tu. Nchi iliyokuwa imechora kwa zaidi ya miaka elfu moja ilipata jina la jumla la kazi hiyo kutoka katika fomu za maonyesho ya biashara. Sisemi hivyo kwa kejeli. Istilahi zetu nyingi nazo zilizaliwa mezani, juu ya karatasi za watu wengine.

Sasa tuingie ndani. Jumba la Hayama lilifunguliwa mwezi Oktoba 2003. Ni jengo jeupe, la kimo cha chini, lenye bustani inayoteremka hadi kwenye pwani ya Isshiki, na mtu akitoka vyumbani kupumzisha macho hukutana na bahari mara moja. Mtu wa Mvita au Bagamoyo atajikuta nyumbani kwa harufu ile, ingawa baridi itamkumbusha alipo.

Picha ya kwanza iliyonisimamisha ilikuwa ya Takahashi Yuichi, aliyezaliwa mwaka 1828 katika ukoo wa samurai na kufariki mwaka 1894. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 40 alipokwenda Yokohama mwaka 1866 kujifunza rangi za mafuta kwa Mwingereza Charles Wirgman, mchoraji wa habari za magazeti. Picha hiyo, aliyoichora kati ya mwaka 1876 na 1877, inaonyesha kisiwa cha Enoshima wakati wa maji kupwa. Watu wanavuka kwa miguu juu ya mchanga uliolowa kuelekea kisiwani. Mawingu, vivuli na umbali vimechorwa kwa kanuni alizozipata kwa wageni, lakini mahali penyewe ni mahali ambapo wachoraji wa picha za mbao walikuwa wamepachora vizazi na vizazi kabla yake. Kisiwa hicho chaweza kuonekana kutoka pwani za Hayama siku yenye hewa safi. Nilitoka nje kukitazama, nikarudi.

Picha hii yahesabiwa kuwa kindai, wala hakuna Mjapani atakayeshangaa. Lakini nikiitafsiri kwa Kiswahili changu cha darasani nitasema kwamba ni “mchoro wa kisasa wa mwaka 1877”. Sikio la kawaida litauliza: wa kisasa vipi, na ulichorwa kabla ya reli ya Uganda? Neno letu limejengwa juu ya “sasa”, na “sasa” humfuata msemaji popote aendapo. Kilimo cha kisasa ni cha leo, nyumba ya kisasa ni yenye umeme na maji ya bomba. Kwa matumizi hayo neno linafaa sana na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu unaanza tunapolichukua kutoka sokoni na kulitwisha kazi ya historia, kazi inayodai neno ambalo litabaki pale lilipowekwa.

Niligundua pia kwamba wenzetu walilipa gharama kwa mipaka yao, na sipendi kuwasifu kupita kiasi. Tazama mgawanyo wa uchoraji wao katika makundi mawili: “yōga”, yaani picha za Kimagharibi, na “nihonga”, yaani picha za Kijapani. Mgeni hudhani kwamba nihonga ndiyo ya kale na yōga ndiyo iliyoingia kwa meli. Nilidhani hivyo. Lakini kabla ya zama za Meiji hapakuwa na mtu aliyejiita mchoraji wa Kijapani. Mtu alikuwa wa chuo cha Kano, au cha Tosa, au cha mwalimu fulani wa Kyoto. Neno nihonga lilianza kushika katika miaka ya 1880, na mhadhara uliolisukuma sana ulitolewa mwaka 1882 na Mmarekani, Ernest Fenollosa, aliyekuwa akifundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Shule ya Sanaa ya Tokyo ilipofunguliwa mwaka 1889 ilifundisha picha za Kijapani na kuziacha za Kimagharibi nje hadi mwaka 1896. Jadi ilipata jina, shule na mtaala baada ya rangi za mafuta kufika, na kwa sababu zilikuwa zimefika.

Wala haikukaa kimya ndani ya uzio wake. Karibu na mwaka 1900 Yokoyama Taikan na Hishida Shunsō, wote wawili wa upande wa nihonga, waliacha mstari mweusi wa nje, uliokuwa uti wa mgongo wa uchoraji wa kwao, wakajaribu kuchora hewa na mwanga kwa rangi zilizofifishwa. Wahakiki waliwacheka, wakaiita mitindo hiyo ya ukungu. Leo ukungu huo huo huoneshwa wageni kama roho ya Japani. Kilichobaki tofauti hasa baina ya makundi haya mawili ni vifaa: huku madini yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya wanyama juu ya hariri au karatasi, kule mafuta juu ya turubai. Mengine yote yalikuwa yakivuka mpaka usiku na mchana.

Nimelifikiria jambo hilo sana kwa sababu linafanana mno na mgogoro wetu wa ushairi wa miaka ya 1970. Tulifundishwa, nasi tunafundisha, kwamba upande mmoja walisimama wanamapokeo na vina na mizani vyao, na upande wa pili wanamabadiliko walioleta mashairi huru. Kwamba Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974, kilitangaza usasa, na wapinzani wake walilinda urithi wa kale. Lakini kitabu ambacho wanamapokeo walikishika kama katiba, Sheria za Kutunga Mashairi cha Kaluta Amri Abedi, kilitoka mwaka 1954. Kimeitangulia Kichomi kwa miaka 20 tu. Sikatai kwamba vina na mizani ni vya kale. Vipo vikongwe kuliko kumbukumbu zetu. Lakini kuvikusanya kuwa sheria, kuvichapa kwa hati za Kirumi, kuvigawa kwa wasomaji wa magazeti wasiojuana kutoka Tanga hadi Kigoma, na kuvitumia kuamua nani ni mshairi na nani siye, hilo ni tendo la karne ya 20. Kwa maoni yangu Kaluta ni mtu wa usasa sawasawa na Kezilahabi, na ugomvi wao ulikuwa ugomvi wa ndani ya nyumba moja.

Kwa nini hatukuliona hilo? Nadhani kwa sababu “kisasa” kilituzuia. Neno lisilokuwa na tarehe ya kuanza humnyima tarehe na mpinzani wake. Tukishasema “ya kisasa”, kila kilichobaki hutumbukia katika gunia moja liitwalo “ya jadi”, na humo ndani Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, mashairi ya Muyaka aliyefariki mwaka 1840, na sheria za mwaka 1954 hukaa pamoja kana kwamba viliandikwa juma moja. Wanafunzi wangu hunijibu katika mitihani kwamba mashairi ya jadi “hayakubadilika”. Siwezi kuwalaumu, maana hawakupewa neno la kuwawezesha kuuliza yalibadilika lini.

Narudi Hayama, kwa kuwa picha iliyonikalisha muda mrefu kuliko zote sijaitaja. Ni “Mtu Aliyesimama” ya Matsumoto Shunsuke, ya mwaka 1942. Matsumoto alipoteza uwezo wa kusikia akiwa bado kijana mdogo, kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, na kwa hiyo hakuandikishwa jeshini. Mwezi Januari 1941 jarida moja la sanaa lilichapisha mazungumzo ya maofisa wa jeshi waliotaka wachoraji waitumikie dola. Wengi walinyamaza. Matsumoto aliandika jibu, likachapishwa katika jarida hilo hilo mwezi Aprili, akidai kwamba mchoraji aliye hai ana haki ya kuchora kama binadamu. Mwaka uliofuata alijichora mwenyewe akiwa na umri wa miaka 30: miguu ameitanua, mikono ameiacha ining’inie, mbingu ya kijivu nyuma yake, na nyumba za mji zimeachwa chini sana hata zaonekana kama za watoto. Hana silaha, hana bendera. Anatazama. Alifariki mwaka 1948.

Mwezi Julai wa mwaka huo huo wa 1942, jijini Tokyo, jarida la fasihi la Bungakukai liliwakusanya wasomi kujadili namna ya kuishinda kindai, kuivuka na kuiacha nyuma. Waliifikiria kindai kama maradhi ya Magharibi yaliyoipata Japani, na wengi wao waliviona vita kuwa sehemu ya dawa. Hapa ndipo napaswa kuwa mwangalifu. Kuwa na neno la kipindi hakumpi mtu busara, na neno lenye mpaka linaweza kutumiwa na wenye nguvu kuwafukuza wengine nje ya mpaka huo. Lakini nitazame pia upande wa pili. Neno kindai lilikuwa wazi kiasi cha kuwa na watetezi na wapinzani, kikao na kumbukumbu zake, na leo mwanafunzi wa Kijapani anaweza kuiweka picha ya Matsumoto mezani pamoja na kumbukumbu za kikao kile na kuuliza nani alikuwa na maana gani. Sisi tukiulizwa kesho kama twataka kuupinga usasa, tutaanza kwa kuuliza: upi?

Huenda pia pwani ile ina mazoea ya kufunga zama. Umbali wa kutembea tu kutoka makumbusho lipo kasri la wafalme la Hayama, lililojengwa mwaka 1894. Ni hapo Hayama ambapo Mfalme Taishō alifariki tarehe 25 Desemba 1926, na mwanawe akarithi siku hiyo hiyo. Mwaka wa 15 wa Taishō ukakoma, mwaka wa kwanza wa Shōwa ukaanza ukiwa na siku chache tu za kuishi. Watu waliozoea kubadili jina la mwaka katikati ya wiki hawaoni ajabu kusema kwamba kipindi fulani kimekwisha. Sisi hatuna desturi hiyo wala sipendekezi tuwe nayo.

Ushahidi mkubwa zaidi hauko Hayama, uko Kamakura, mji jirani. Kabla ya tawi la pwani, makumbusho haya yalianza huko tarehe 17 Novemba 1951, Japani ikiwa bado chini ya majeshi ya Marekani na washirika wake, yakiwa makumbusho ya kwanza ya umma ya sanaa ya kindai nchini humo; ya taifa jijini Tokyo yalifuata mwaka 1952. Maonyesho ya kwanza yalikuwa ya Cézanne na Renoir. Jengo lilisanifiwa na Sakakura Junzō, aliyekuwa amefanya kazi katika ofisi ya Le Corbusier mjini Paris, nalo lilisimamishwa katika kiwanja cha hekalu la Tsurugaoka Hachimangū, nguzo zake za chuma zikikanyaga mawe ya ukingo wa ziwa dogo. Hekalu hilo lipo hapo tangu mwaka 1180. Mkataba wa ardhi ulipofikia mwisho, makumbusho yalifunga milango yake hapo mwezi Januari 2016, na sanamu ya mawe ya Isamu Noguchi iitwayo “Kokeshi”, ya mwaka 1951, sasa inasimama Hayama. Jengo halikubomolewa. Hekalu lililichukua, likalitengeneza, na kulifungua tena mwaka 2019 kwa shughuli zake. Mwaka 2020 serikali ikaliweka katika orodha ya mali muhimu za utamaduni wa taifa, orodha ile ile inayohifadhi mahekalu na sanamu za kale.

Nilipoelezwa hayo nilimwambia mwenyeji wangu kwamba basi kindai yao imezeeka. Akakubali bila huzuni yoyote. Kitu kilichozeeka hupata watunzaji. Nasi tulikuwa na gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923. “Leo” yake ina zaidi ya miaka 100, na hakuna anayelisoma akidhani kwamba ni habari za asubuhi hii. Jina hilo limezeeka kwa heshima kwa sababu lina tarehe juu ya kila toleo. Mashairi tuyaitayo ya kisasa hayajaruhusiwa kuzeeka. Mwandishi wa Kichomi alifariki mwaka 2020, na katika mihadhara yetu bado ni kijana aliyekuja kuvuruga mambo.

Pendekezo langu ni hili. Tuliache neno “kisasa” liendelee na kazi yake ya kila siku. Katika historia ya fasihi na sanaa tuseme “kipindi cha usasa”, na kila anayelitumia jina hilo alazimike kutaja mwaka wa kuanza na wa kukoma, hata kama wenzake watampinga. Najua kwamba “usasa” nao umezaliwa na “sasa” ile ile, na kwamba tayari wapo wanaotumia “usasaleo” kwa mambo mengine, jambo litakaloleta msongamano. Niko radhi kupokea neno bora. Nisilokuwa radhi nalo ni kuendelea bila tarehe.

Naanza na mlango wangu mwenyewe. Kozi ninayoifundisha inaitwa Ushairi wa Kiswahili wa Kisasa. Shairi lililo jipya kuliko yote katika orodha yake limetoka katika Karibu Ndani ya Kezilahabi, diwani ya mwaka 1988, na wanafunzi wanaoisoma wamezaliwa baada ya mwaka 2000. Nimependekeza iitwe Ushairi wa Kiswahili wa Kipindi cha Usasa, 1954–1988, ili Kaluta na Kezilahabi wafundishwe katika muhula mmoja. Wenzangu hawakupinga mwaka 1954 kwa ukali niliouogopa. Waliuliza kile kilichoandikwa baada ya mwaka 1988 kiitweje, nami sikuwa na jibu. Swali hilo nalileta kwa wasomaji.